Daftari la muuza sambaza: takwimu kwa anayeanza

Mama mmoja jirani yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, huuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Alfajiri anashuka ziwani upande wa Ibanda, ananunua kwa wavuvi wanaorudi, anapanda mlima na beseni kichwani, na saa tatu asubuhi yuko sokoni. Mwaka mmoja alichukua mkopo kwenye shirika dogo la akiba. Walimuuliza: kwa wastani, unauza kilo ngapi kwa siku? Akajibu. Jibu lake wakalizidisha mara saba, wakampangia malipo ya kila wiki, kiasi kilekile wiki zote. Wiki mbili za kwanza alilipa bila shida. Ya tatu ikaangukia kwenye mbalamwezi, samaki wanapoadimika, na jioni moja akaja kwangu na kitabu cha mkopo mkononi.

"Mwalimu, hawa batu banahesabia siku zote sawa. Hizi siku za mwezi, nitatosha wapi makuta?"

Yaani watu wa mkopo wanahesabu siku zote kuwa sawa; siku za mbalamwezi atatoa wapi pesa? Hakuwa amewadanganya. Wastani aliowapa ulikuwa sahihi. Shida ni kwamba biashara yake ilielezwa kwa namba moja, nayo ilihitaji angalau mbili. Tulikaa mezani siku kadhaa na daftari lake, na mwongozo huu unafuata njia tuliyopita. Kilo utakazoziona hapa nimezitunga kwa ajili ya zoezi, ili hesabu itoke vizuri kwa mkono. Lakini kupanda na kushuka kwake ndiko kunakojulikana na kila anayeishi kwa Ziwa Kivu.

Tunachojifunza kinaitwa takwimu fafanuzi: kuchukua namba nyingi ulizokusanya na kuzieleza kwa namba chache na picha chache, bila kuzipotosha. Hatutabiri mambo ya kesho, wala hatuzungumzii watu ambao hatukuwapima. Kama ulisoma shule zetu, vitu vingi hapa ulishavisikia kwa Kifaransa: moyenne, médiane, écart-type. Nitavitaja kwa Kiswahili, navyo ni vilevile. Unahitaji daftari, kalamu, na simu yenye kikokotoo.

Hatua ya 1: Amua unapima nini, na kwa kipimo gani

Mama alikuwa ameandika "beseni 2", "beseni 1 na nusu", "beseni kubwa 1". Kwa kichwa chake yeye ilikuwa wazi kabisa. Kwa hesabu haikuwa wazi, kwa sababu beseni kubwa na beseni dogo haziwezi kujumlishwa kama vitu vya aina moja. Basi tuliazima mizani, tukapima beseni lake la kila siku mara tano, asubuhi tano tofauti, maji yakiwa yameshachuruzika. Samaki wenye maji huongeza uzito ambao mteja hataukubali. Baada ya hapo kila kitu kiliandikwa kwa kilo.

Fanya hivyo kwa biashara yako. Kama unauza maharage kwa kopo, amua ni kopo gani, na usilibadilishe katikati ya mwezi. Kama unaandika pesa, amua: franka au dola. Katika mji huu tunatumia zote mbili kwa siku moja, wakati mwingine kwa mteja mmoja, na safu yenye 20 ya dola chini ya 15000 ya franka haina maana yoyote ukiijumlisha. Weka safu mbili, au geuza papo hapo kwa bei ya siku hiyo na uiandike bei hiyo pembeni.

Jua pia kwamba si kila unachoandika ni cha kujumlisha. Kilo na franka ni hesabu. "Wabichi, waliolegea, walioharibika" ni madaraja: yana mpangilio, lakini huwezi kusema daraja moja ni mara mbili ya jingine. Jina la mvuvi aliyekuuzia ni jina tu. Madaraja na majina unayahesabu yametokea mara ngapi, huyatafutii wastani.

Hatua ya 2: Andika kila siku, hasa siku uliyokosa

Hapa watu wengi hukosea bila kujua, na mimi pia sikuliona mpaka tulipofika nusu ya daftari. Siku ambazo mama alishuka ziwani akarudi mikono mitupu, hakuandika kitu. Kwake ilikuwa halali: hakuna samaki, hakuna cha kuandika. Lakini sifuri ni namba. Nafasi tupu si namba.

Chukua mfano: siku 15 umeuza jumla ya kilo 480. Ukigawa, unapata 32 kwa siku. Sasa tuseme kulikuwa na siku nyingine 3 ulizoshuka ukakosa, nawe hukuziandika. Jumla ni ileile 480, ila siku ni 18, na wastani wa kweli ni kama 26.7. Kilo tano na zaidi kwa siku zimezaliwa kwenye daftari peke yake, kwa sababu siku mbaya zilinyamazishwa.

Kwa hiyo andika 0 pale ulipokosa. Andika alama nyingine, kwa mfano mstari, pale ambapo hukwenda kabisa kwa sababu ya ugonjwa, msiba au ibada. Hivi vitu viwili si kimoja: sifuri inaingia kwenye hesabu, mstari hauingii.

Katika zoezi letu tuseme siku zote 15 mama alishuka na akapata kitu. Tunaanza usiku mwezi ulipoandama, tunaishia mwezi ukiwa mpevu. Hizi ndizo kilo zake, siku ya kwanza hadi ya kumi na tano:

42, 45, 40, 47, 44, 45, 39, 43, 38, 24, 18, 15, 12, 17, 11

Hatua ya 3: Safisha kabla hujahesabu

Soma orodha kwa sauti, namba moja moja, ukijiuliza: hii inawezekana? Tuseme siku ya pili ilikuwa imeandikwa 450 badala ya 45. Hakuna mama anayepanda kilo 450 kichwani kutoka ziwani hadi Kadutu. Hapo una haki ya kurekebisha, mradi unajua jibu sahihi, ama kwa kumwuliza aliyeandika, ama kwa kutazama risiti. Kama hujui, weka alama ya kuuliza na uiache nje ya hesabu, kisha useme wazi kwamba umeiacha.

Usifute namba kwa sababu tu haikupendezi. Ile 11 ya siku ya mwisho ni ndogo, inauma, na inaharibu wastani. Lakini ni ya kweli. Ukiifuta unajidanganya mwenyewe.

Hatua ya 4: Zipange, uzitazame kwa macho

Kabla ya kugusa kikokotoo, zipange kutoka ndogo hadi kubwa:

11, 12, 15, 17, 18, 24, 38, 39, 40, 42, 43, 44, 45, 45, 47

Sasa chora picha ambayo mwanatakwimu Mmarekani John Tukey aliwafundisha watu wengi kuipenda, kwa sababu haihitaji chombo chochote zaidi ya kalamu. Upande wa kushoto wa mstari andika makumi, upande wa kulia mamoja:

1 | 1 2 5 7 8
2 | 4
3 | 8 9
4 | 0 2 3 4 5 5 7

Mstari wa kwanza unasomeka 11, 12, 15, 17, 18. Wa pili ni 24 peke yake. Geuza daftari ubavu na utaona vilima viwili na bonde katikati. Kilima kimoja kiko kwenye kumi na kitu, kingine kwenye arobaini na kitu. Kuanzia 25 hadi 37 hakuna hata siku moja.

Nilipomwonyesha mama picha ya daftari lake halisi, iliyokuwa na umbo kama hili, hakuhitaji maelezo. Aliweka kidole juu ya kilima cha chini akasema: "Hii ni mwezi." Alijua hayo miaka mingi kabla ya takwimu. Wavuvi wetu hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukiwa umening'inia, na taa juu ya maji. Taa huvuta sambaza wakusanyike. Mwezi ukiwaka, ziwa zima lina mwanga, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita. Basi vilima viwili vina sababu yake, na sababu hiyo iko angani.

Ndiyo maana nasisitiza utazame kwanza. Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe alitoa mafungu manne ya namba ambayo wastani wao unalingana na kutawanyika kwao kunalingana karibu kabisa, lakini ukiyachora unapata maumbo manne yasiyofanana hata kidogo. Kikokotoo kisingeona tofauti. Jicho linaiona mara moja.

Kama siku zako ni nyingi, tuseme 200, picha ya Tukey inakuwa ndefu mno. Hapo tumia jedwali la marudio, ambalo kwa siku zetu 15 lingekuwa hivi: 10 hadi 19, siku 5; 20 hadi 29, siku 1; 30 hadi 39, siku 2; 40 hadi 49, siku 7. Chora nguzo za urefu huo zikigusana, na hiyo inaitwa histogramu. Makundi yawe na upana sawa, na hakikisha ukijumlisha nguzo zote unarudi kwenye idadi ya siku. 5 na 1 na 2 na 7 ni 15. Sawa.

Hatua ya 5: Tafuta katikati

Kuna njia tatu, na kila moja inajibu swali lake.

Wastani: jumlisha zote, gawa kwa idadi. 480 gawa kwa 15 ni 32.

Namba ya kati, au mediani: ile inayosimama katikati ya orodha iliyopangwa. Siku ni 15, kwa hiyo ni ya 8: saba chini yake, saba juu yake. Hapa ni 39. Kama idadi ni shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili bila baki, chukua mbili za katikati, zijumlishe, gawa kwa mbili.

Modi: inayojirudia zaidi. Hapa ni 45, imetokea mara mbili. Kwa kilo haitusaidii sana. Modi ina kazi yake kwa muuza viatu: hakuna faida ya kujua kwamba wateja wake wana wastani wa namba 39.6, anataka kujua namba ipi inaulizwa zaidi ili asiishiwe nayo.

Sasa tazama 32 na 39. Mbona hazilingani? Kwa sababu wastani huvutwa na zile siku ndogo, kama mizani inavyoinama upande wenye mzigo, na namba ya kati inajali nafasi tu. Rudi kwenye lile kosa la 450. Likiingia kwenye hesabu, jumla inakuwa 885 na wastani unaruka hadi 59. Siku 14 kati ya 15 zingekuwa chini ya wastani! Na namba ya kati? Bado ni 39. Haikutikisika. Ndiyo maana panapokuwa na namba moja au mbili kubwa kupita kiasi, kwa mfano mapato ya mtaa wenye tajiri mmoja, mimi huuliza namba ya kati kwanza.

Lakini usiudharau wastani. Una kitu ambacho namba ya kati haina: ukiuzidisha kwa siku, unarudi kwenye jumla. 32 mara 15 ni 480. Kama mama anataka kujua atahitaji chumvi kiasi gani kwa nusu mwezi mzima, au nauli ya jumla ya nusu mwezi, wastani ndio wa kutumia. Akizidisha 39 kwa 15 atapata 585, kilo ambazo hazikuwepo.

Kosa la watu wa mkopo ni kuutoa wastani kwenye kazi yake. Waliuchukua wa kipindi kizima wakaufanya ahadi ya kila wiki. Jumlisha siku saba za kwanza za zoezi letu: 302. Jumlisha kuanzia ya nane hadi ya kumi na nne: 167. Wao wangetarajia 32 mara 7, yaani 224, kila wiki. Wiki ya kwanza ni nyingi kuliko hapo, ya pili imekosa kilo 57.

Ziwa lenyewe lina somo hili. Kina cha Ziwa Kivu kwa wastani ni kama mita 240, na sehemu ya chini kabisa inakaribia mita 485. Mtu akisikia mita 240 anaweza kufikiri samaki wana nyumba kubwa. Lakini oksijeni inaishia kwenye tabaka la juu, makumi machache tu ya mita, na chini ya hapo sambaza hawawezi kuishi. Wastani wa kina ni wa kweli, ila kwa mvuvi haujibu kitu.

Hatua ya 6: Pima kutawanyika

Watu wengi huishia hatua ya tano, na ndipo hasara inapoanza. Kujua katikati bila kujua namba zimetawanyika kiasi gani ni kujua bei bila kujua kama ni ya kilo au ya gunia.

Anza na rahisi: kubwa toa ndogo. 47 toa 11 ni 36. Huu ni upana. Ni wa haraka, lakini unategemea namba mbili tu, na moja ikiwa ya ajabu, upana wote unaharibika.

Halafu robo. Orodha imegawanywa na 39 katikati. Chukua saba za chini: 11, 12, 15, 17, 18, 24, 38. Ya katikati yao ni 17: hiyo ni robo ya kwanza. Saba za juu: 40, 42, 43, 44, 45, 45, 47. Ya katikati ni 44: robo ya tatu. Sasa unaweza kueleza nusu mwezi mzima kwa namba tano: 11, 17, 39, 44, 47. Kati ya 17 na 44 kuna tofauti ya 27, na humo ndimo ilimo nusu ya katikati ya siku zako. Watu huchora namba hizi tano kama kisanduku chenye mikia miwili. Mimi nakipenda kisanduku nikilinganisha wauzaji wengi, lakini hapa kingetuficha jambo kubwa: kingeonyesha sanduku limejaa kutoka 17 hadi 44, na tunajua katikati yake ni bonde tupu.

Sasa mkengeuko wastani. Jina linatisha, wazo ni dogo: kwa kawaida, siku moja inakaa mbali kiasi gani na wastani?

Toa 32 kwenye kila siku. Siku ya kwanza: 42 toa 32 ni 10 juu. Ya pili, 13 juu. Endelea. Ya kumi: 24 ni 8 chini. Ya mwisho: 11 ni 21 chini. Ukimaliza, jumlisha zilizo juu: 95. Jumlisha zilizo chini: 95. Zinafutana kabisa, na zitafutana siku zote, kwa orodha yoyote, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya wastani. (Ni njia nzuri ya kujikagua: zisipofutana, umekosea mahali.)

Kwa hiyo lazima tuondoe alama ya kutoa. Njia ya kwanza ni kuisahau tu: 95 na 95 ni 190, gawa kwa 15, unapata kama 12.7. Kwa wastani kila siku iko mbali kilo 12.7 na 32. Mwanafunzi wangu anayeanza, nataka aelewe namba hii kwanza na akae nayo.

Njia ya pili, iliyozoeleka duniani, ni kuzidisha kila umbali kwa wenyewe. 10 inakuwa 100, 13 inakuwa 169, 21 inakuwa 441. Alama ya kutoa inapotea, na siku zilizo mbali sana zinapewa uzito zaidi. Jumla ya zote hapa ni 2692. Gawa kwa 14, unapata kama 192.3, ambayo inaitwa varianzi. Varianzi iko kwenye "kilo mara kilo", kipimo kisichouzika sokoni, kwa hiyo bonyeza kipeuo cha pili (√): 13.9. Huo ndio mkengeuko wastani. Tumerudi kwenye kilo.

Kwa nini 14 na siku ni 15? Kwa sababu siku hizi 15 ni sampuli tu ya siku nyingi za mama, na tulipima umbali kutoka kwenye wastani wa siku hizohizo. Ukijua wastani na siku 14, ya 15 inajulikana yenyewe, haina uhuru. Kugawa kwa 14 kunafidia kidogo. Kama siku 15 ndizo zote unazozizungumzia na hutaki kwenda nje yake, gawa kwa 15, utapata 13.4.

Utasikia watu wakisema kwamba karibu theluthi mbili za namba hukaa kati ya wastani toa mkengeuko na wastani ongeza mkengeuko. Hiyo ni kweli kwa namba zenye kilima kimoja kilichokaa kama kengele. Zetu si hivyo. Kati ya 18.1 na 45.9 kuna siku 9 kati ya 15, na sehemu ya katikati kabisa ya eneo hilo, hapo kwenye 32 penyewe, hakuna mtu.

Hatua ya 7: Gawanya, uhesabu tena

Mkengeuko wa 13.9 kwenye wastani wa 32 ni mkubwa. Ukiona hivyo, na picha ina vilima viwili, uliza: je, nimechanganya vitu viwili? Hatua hii ndiyo iliyotuletea jibu.

Tenga siku za giza, tisa za kwanza: 42, 45, 40, 47, 44, 45, 39, 43, 38. Jumla 383, wastani kama 42.6, namba ya kati 43, mkengeuko kama 3.

Tenga siku za mbalamwezi, sita za mwisho: 24, 18, 15, 12, 17, 11. Jumla 97, wastani kama 16.2, namba ya kati 16, mkengeuko kama 4.7.

Ona kilichotokea. Mkengeuko wa 13.9 umeshuka hadi 3 upande mmoja na 4.7 upande wa pili. Siku za mama hazikuwa za kubahatisha kama zilivyoonekana; ndani ya kila kundi zinafanana sana. Fujo yote ilikuwa tofauti kati ya makundi mawili.

Na sasa mama anaweza kuahidi. Mwenye mkahawa akimwuliza, "Mama, utaniletea kilo ngapi kila siku?", jibu la 32 lingemwaibisha siku 6 kati ya 15, na siku nyingine 9 lingemwachia samaki wa kutafutia mnunuzi. Jibu zuri ni: siku za giza nitakuletea 35, kwa sababu hata siku mbaya ya giza haikushuka chini ya 38, siku za mwezi nitakuletea 10. Tazama kwamba kwa ahadi hatukutumia wastani kabisa. Tulitumia namba ndogo ya kila kundi na kuacha nafasi kidogo.

Kwenye kompyuta

Ukishafanya kwa mkono mara moja, tumia mashine. Excel nyingi hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, na miongozo mingi imeandikwa kwa wenye Kiingereza, ndiyo maana watu wanakwama. Ukiweka kilo zako kwenye A1 hadi A15, andika =MOYENNE(A1:A15), =MEDIANE(A1:A15), na =ECARTYPE.STANDARD(A1:A15) kwa mkengeuko wastani wa kugawa kwa 14. Wa kugawa kwa 15 ni =ECARTYPE.PEARSON(A1:A15). Kwa robo, =QUARTILE.EXCLURE(A1:A15;1) itakupa 17 kama sisi, na =QUARTILE.INCLURE(A1:A15;1) itakupa 17.5. Hakuna iliyokosea, ni kanuni mbili tofauti, chagua moja ubaki nayo. Nusu andika kwa mkato, 12,5. Ukiweka nukta, mashine ya Kifaransa inaweza kuichukua kama maandishi na kuiruka kwenye wastani bila kukuambia, na ule ni wizi wa kimyakimya.

Siku 15 zinasema nini, na hazisemi nini

Zinasema habari za mama mmoja, nusu mwezi mmoja, msimu mmoja. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ziwa lina tabia yake, mvua ina yake. Usichukue daftari moja ukasema "wauza sambaza wa Bukavu wanauza kilo 32". Ukitaka kusema hivyo, nenda kwa wauzaji wengi, uwachague bila upendeleo: wa soko la Nyawera na wa soko la Kadutu, wa beseni kubwa na wa fungu dogo, si wale tu walio karibu na mlango wa soko au wanaokujua.

Hata nchi inaugua ugonjwa huu. Sensa ya mwisho ya watu wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Idadi yoyote ya wakazi wa mji wetu unayoisoma leo ni makadirio yaliyojengwa juu ya msingi huo na vipimo vingine vidogo. Makadirio si uongo, lakini ukiyaandika, yaite makadirio.

Mama alirudi kwa watu wa mkopo na ukurasa mmoja: picha ya vilima viwili na mistari miwili ya wastani, wa giza na wa mwezi. Walikubali alipe zaidi wiki za giza na kidogo wiki za mwezi, jumla ya mwezi ikibaki ileile. Aliporudi aliniuliza jambo ambalo nilipaswa kuliuliza mimi. Samaki wakiadimika bei inapanda, kwake yeye anayenunua na kwa mteja anayemuuzia. Basi kilo 16 za siku ya mwezi zinamwachia kiasi gani mfukoni, ukilinganisha na 43 za siku ya giza? Kilo peke yake haziwezi kujibu. Tukapiga mistari ukurasa mpya: tarehe, mwezi (giza au mwanga), kilo, bei ya kununua, bei ya kuuza, kilichobaki. Siku ya kwanza ameshaiandika.